Swali Kwanza, Notisi Baadaye: Mwongozo wa Kufundisha Sayansi Sekondari Mwanafunzi Akiwa Kazini

Maliza kueleza, kisha uliza "Mmeelewa?" Darasa la watu 70 litakuitikia kwa sauti moja: "Ndiyooo, mwalimu!" Jumatatu ukitoa jaribio, unakuta nusu yao hawatofautishi uzani na tungamo. Nimepita hapo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mtaala wa sekondari Tanzania umeelekezwa kwenye kujenga umahiri tangu 2005, na Kenya ilianza kuujaribisha mtaala wake wa umilisi mwaka 2017. Andalio la somo lina safu nzima ya shughuli za mwanafunzi. Wengi wetu tunaijaza hivi: kusikiliza, kuandika, kujibu maswali. Mkaguzi anasoma, anatia saini, maisha yanaendelea.

Mwongozo huu ni wa kuijaza safu hiyo kwa kazi ya kweli, katika shule ya kawaida: madawati yaliyobanana, maabara yenye ufunguo usiojulikana uko kwa nani, na mwalimu mmoja mwenye vipindi zaidi ya 20 kwa wiki. Kipimo changu ni kimoja. Katika dakika 80 za dabo, yaani vipindi viwili mfululizo, ni kichwa cha nani kilichotoka jasho? Kikiwa chako peke yako, somo lilikuwa lako.

Hatua ya 1: Chagua somo moja tu

Usibadilishe muhula mzima. Fungua azimio la kazi, tafuta mada moja ndani ya wiki mbili zijazo ambayo jambo lake linaonekana kwa macho na linajirudia ndani ya dakika chache. Pendulamu, yaani kitu kinachobembea kwenye uzi, inafaa. Asidi na besi zinafaa. Osmosisi, yaani maji kupenya utando kuelekea penye chumvi au sukari nyingi, inafaa ukiitegesha asubuhi. Muundo wa atomu haufai kuanzia, kwa sababu hakuna cha kushika.

Wala si kila kitu kifundishwe hivi. Alama za elementi, vizio vya vipimo, na taratibu za usalama maabara: simama mbele, sema, waandike. Kuwaweka watoto kwenye makundi "wagundue" kwamba kizio cha kani ni nyutoni ni kuwapotezea muda, maana hilo ni jambo la makubaliano na haligunduliki.

Hapa nitatumia pendulamu kama mfano mkuu. Kidato cha Nne hukutana nayo kwenye mtihani wa vitendo wa fizikia, kwa hiyo hakuna atakayekuuliza kwa nini umeitumia dabo nzima.

Hatua ya 2: Tafuta swali litakalogawa darasa

Hapa ndipo somo linapopatikana au kupotea. Swali zuri halijibiwi na kitabu kwa mstari mmoja, na linawafanya wanafunzi wawili wa dawati moja wabishane. Kwa pendulamu swali langu ni hili: nikining'iniza nati moja ya baiskeli kwenye uzi, halafu nati tatu kwenye uzi mwingine wenye urefu uleule, zipi zitabembea haraka zaidi? Majibu ni matatu: moja, tatu, au sawasawa.

Mara nyingi mikono mingi huenda kwa nati tatu. Kila mtu amebeba ndoo, anajua kizito kina nguvu, na anadhani nguvu ni mwendo. Kosa hilo ni mtaji wako.

Sharti ni kwamba kila mmoja aandike utabiri wake kwenye daftari kabla hajaona chochote, pamoja na sababu moja. Utabiri wa mdomoni hauna maana. Ukweli ukishaonekana, wote watasema "mimi nilijua". Mtu aliyeandika "nati tatu, kwa sababu ni nzito" ameweka heshima yake mezani, na sasa ana sababu ya kutazama. Richard White na Richard Gunstone wa Australia ndio walioieneza sana mbinu hii ya tabiri, tazama, eleza. Haidai vifaa vya gharama. Inadai mwalimu avumilie kutotoa jibu.

Hatua ya 3: Ifanye kwanza wewe, peke yako

Usiku wa kuamkia kipindi, fanya jaribio lote nyumbani. Wengi huruka hatua hii, na darasani ndiyo inayowaumbua.

Utagundua mambo ambayo kitabu hakikukwambia. Ukitumia mawe badala ya nati, jiwe kubwa lina kitovu kilicho chini zaidi ya kitovu cha jiwe dogo, kwa hiyo urefu wa pendulamu unaongezeka bila wewe kukusudia, na jiwe zito litaonekana kubembea polepole. Darasa litaondoka na uongo mpya. Urefu hupimwa kuanzia pale uzi unapobanwa hadi katikati ya kitu, si hadi kwenye fundo. Nati nazo zifungwe pamoja zikigusana. Ukizipanga moja chini ya nyingine, kitovu kinashuka tena.

Utagundua pia kwamba dawati halina kimo cha kutosha kuning'iniza uzi wa mita 1. Tafuta nondo ya dirisha au fremu ya mlango.

Kwa kila kundi andaa uzi wa kama mita moja na robo, nati nne, kijiti kilichopasuliwa ncha ili kibane uzi, tofali au begi la madaftari la kukandamiza kijiti juu ya dawati, na rula. Nati utazipata kwa fundi baiskeli, nyingi bure ukieleza ni za shule.

Saa je? Wanafunzi hawaruhusiwi simu, na saa za maabara ziko mbili, moja haina betri. Inatosha simu yako. Badala ya kila kundi kupima muda wa mibembeo 20, wewe tangaza "Anza!" na baada ya sekunde 60 "Acha!" Makundi yote yahesabu mibembeo kwa pamoja. Saa moja imehudumia watu 70.

Hatua ya 4: Makundi ya wanne, na kila mtu ana kazi

Kundi la wanane lina wafanyakazi wawili na watazamaji sita. Wanne ndiyo idadi inayofaa, hata kama utapata makundi 18. Ukiona vifaa havitoshi, gawa darasa: nusu wafanye, nusu wachore jedwali na kujibu maswali, kisha wabadilishane.

Kazi zenyewe ni mshika vifaa, mhesabuji, mwandishi na msemaji. Zibadilishe kila jaribio. Nasisitiza hili kwa sababu usipolisimamia, utakuta kila kundi mwandishi ni msichana mwenye mwandiko mzuri na mshika vifaa ni mvulana mwenye sauti, muhula mzima. Msichana huyo atafika kwenye mtihani wa vitendo akiwa hajawahi kushika chochote.

Usiwaache wajichagulie makundi. Hesabu kufuata mistari ya madawati: wawili wa mbele wageuke nyuma, basi. Kuhamisha watu kwenye darasa lililobanana kunakula dakika kumi.

Hatua ya 5: Kipindi chenyewe

Dakika 10 za mwanzo: swali, utabiri wa kimyakimya, kisha kura. Andika ubaoni ni wangapi walichagua kila jibu. Waulize wawili watatu sababu zao, na hapa uso wako usiseme kitu. Ukitabasamu kwa jibu sahihi, darasa zima litahamia huko. Watoto wanasoma uso wa mwalimu vizuri kuliko ubao.

Ukiuliza, subiri. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi Marekani kwenye miaka ya 1970, aliona walimu husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kujibu wenyewe au kumrukia mwingine, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi majibu hurefuka na wale wanyamavu huanza kusema. Hesabu kimoyomoyo hadi tano. Ni ndefu ajabu. Vumilia.

Dakika 10 za kutega vifaa. Waonyeshe mambo mawili tu. La kwanza, vuta nati pembeni kwa upana wa vidole vinne, usizidishe. Ukiachia kutoka mbali sana, kwenye pembe ya digrii 60 kwa mfano, mbembeo mmoja hurefuka kwa kama asilimia 7 na vipimo vinavurugika. La pili, kwenda na kurudi ndio mbembeo mmoja, na unapoachia unasema "sifuri". Anayeanza na "moja" atazidi kwa moja kila mara.

Dakika 15: nati moja dhidi ya tatu, urefu uleule wa sentimita 25. Kila kundi lifanye yote mawili. Namba zitakuja: 60, 59, 60, 61. Sauti itapanda. Acha ipande. Pita kati ya madawati, na ukiulizwa "Mwalimu, sisi tumepata 60 zote, tumekosea?" usijibu ndiyo wala hapana. Rudisha: "Jirani zenu wamepata ngapi?"

Kundi moja litapata 52. Usilifute. Waulize walipima wapi hadi wapi, na karibu kila mara ni urefu: walipima hadi kwenye fundo, au kijiti kimeteleza. Hapo wanajifunza kwamba jibu lisilolingana lina chanzo kinachotafutika, jambo ambalo notisi zangu za miaka yote hazikuwahi kumfundisha mtu.

Dakika 15 zinazofuata ndizo ninazozipenda kuliko zote. Waambie: kwa sentimita 25 tumepata mibembeo 60 kwa dakika. Tukitaka 30, uzi uwe na urefu gani? Waandike utabiri tena. Wengi wataandika 50. Wafanye 50. Watapata 42.

Kutakuwa na kimya kidogo, halafu kelele. Wengine watadai uzi umelegea. Sasa yape makundi urefu tofauti: 36, 64, na la dirishani mita 1. Kusanya majibu yote ubaoni kwenye jedwali moja. Kwa sentimita 36 mibembeo kama 50, kwa 64 kati ya 37 na 38, kwa mita 1 ni 30. Kutoka 25 hadi 100 ni mara nne. Idadi imepungua mara mbili. Usiwaambie wewe, elekeza chaki kwenye namba hizo mbili, nyamaza.

Dakika 15 za mjadala: rudini kwenye kura za mwanzo. Nani amebadili mawazo, kwa sababu ya nini? Dakika 10 za notisi, na sasa ndipo unapoandika ubaoni maana ya mbembeo, urefu, na fomula. Ile alama ya kipeuo cha pili inayowatesaga inakuwa na sura: ni ile mara nne iliyozaa mara mbili. Grafu ya muda wa mbembeo mmoja ukiwa kwenye kipeo cha pili dhidi ya urefu ibaki kwa kipindi kijacho. Mstari utanyooka, na kwenye mwinamo wake watapata kani ya mvutano ya dunia kwa kila kilo, karibu 9.8, kwa nati ya baiskeli.

Dakika 5 za mwisho ni za kikaratasi, nitakieleza hapa chini.

Lugha wakiwa kwenye makundi

Sheria ya shule inasema Kiingereza, na mtihani ni wa Kiingereza. Lakini mtoto wa Kidato cha Kwanza aliyesoma msingi kwa Kiswahili, ukimlazimisha abishane kuhusu pendulamu kwa Kiingereza, hatabishana. Atanyamaza, nawe utadhani hajui. Mimi naacha kundi lizungumze Kiswahili, kisha msemaji atoe taarifa kwa Kiingereza, akitumia sentensi nusu nilizoziandika pembeni mwa ubao ambazo yeye anazijazia. Kwanza afikiri kwa lugha anayoimudu, halafu avushe wazo. Wapo wenzangu wasiokubaliana na hili, na wakuu wa shule wengine hawataki kulisikia kabisa. Pima mazingira yako.

Usipokuwa na kifaa hata kimoja: kura mbili

Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 1990 alianza kufundisha kumbi kubwa kwa maswali ya kura badala ya mhadhara mtupu. Kwetu mbinu hii inafaa kuliko hata kwao, kwa sababu msongamano hauidhuru.

Andika swali lenye majibu manne. Kila mwanafunzi afikirie peke yake dakika moja, kisha aonyeshe jibu kwa vidole akiwa ameviegemeza kifuani ili jirani asichungulie. Pitisha macho. Walio sahihi wakiwa chini ya theluthi, fundisha upya. Wakiwa zaidi ya theluthi mbili, endelea. Wakiwa katikati, sema: "Mgeukie jirani mwenye jibu tofauti, mshawishi." Baada ya dakika mbili au tatu, kura ya pili. Mara nyingi jibu sahihi hupanda bila wewe kusema neno, kwa kuwa aliyeelewa jana anajua bado palipokuwa na ugumu.

Swali zuri la biolojia: mwembe mkubwa nje ya darasa ulianza na kokwa moja. Ukiukausha maji yote, uzito unaobaki umetoka wapi hasa: udongo, maji, mbolea, au hewa? Udongo utashinda kura ya kwanza. Kisha wasimulie Jan van Helmont wa karne ya 17, aliyepanda mche wa paundi 5 kwenye udongo mkavu wa paundi 200, akaumwagilia maji kwa miaka 5. Mti ulifika paundi 169, na udongo ulipungua aunsi 2 hivi. Naye akakosea: akahitimisha kuwa mti wote ni maji. Sehemu kubwa ya uzito mkavu imetokana na kaboni dioksidi ya hewani. Wanafunzi hufurahi sana kusikia mkubwa naye alikosa.

Masomo mengine mawili, kwa ufupi

Kemia: chemsha choya, chuja, una kitambuzi chekundu cha asidi na besi. Kwenye limao na siki kinabaki chekundu, kwenye maji ya majivu na magadi kinageuka kuelekea kijani. Watabiri kwanza kwa sabuni, chumvi, soda na maziwa mgando. Onyo moja lisilo na mjadala: dawa ya klorini ya kufulia isiwepo mezani, maana ikikutana na siki au limao inatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu.

Biolojia: viazi mviringo viwili, kimoja kibichi, kimoja kilichochemshwa. Vimenye, vichimbe shimo juu, tia kijiko cha chumvi, viweke kwenye sahani yenye maji kidogo. Tega kabla ya paredi. Baada ya mapumziko, shimo la kibichi lina maji mengi. Kile kilichochemshwa si hivyo. Swali la kugawa darasa ni hili: kwa nini kupika kumeharibu kazi?

Kikaratasi cha mwisho

Robo ya ukurasa wa daftari, swali moja, bila jina ukipenda. Kwa pendulamu: "Saa ya ukutani ya pendulamu inachelewa. Urefu wa pendulamu uongezwe au upunguzwe? Kwa nini?" Kusanya mlangoni. Usisahihishe kwa kalamu nyekundu; gawa mafungu matatu: wameelewa, wamepata jibu bila sababu, wamepotea. Vikaratasi 70 vinakula kama dakika 15 za chai. Fungu la tatu likiwa nene kuliko mengine, kipindi kijacho kinaanzia hapo, hata kama azimio la kazi linasema vinginevyo.

Muda na kelele

Kuhusu kelele, mwone mwalimu wa taaluma mapema umwambie siku na saa. Ukimkaribisha aje, bora zaidi. Anayepita korido bila taarifa atadhani darasa halina mwalimu.

Kuhusu kumaliza mada: ndiyo, hutamaliza kwa kasi ileile. Mimi hufanya somo kamili la namna hii mara moja kwa wiki mbili, na kura mbili karibu kila kipindi, kwa kuwa hizo ni dakika saba tu. Muda naufidia kwenye notisi: sehemu ndefu za maelezo nampa kiongozi wa darasa, na wanafunzi wananakili jioni.

Hatua ya 6: Daftari la maswali usiyoyajua

Ukifundisha hivi utaulizwa usichokijua, pengine wiki ya kwanza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi ya friji ilikuwa finyu, akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia baridi. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, aliambiwa hiyo si fizikia ya ulimwengu, ni fizikia ya Mpemba, na darasa likaufanya utani. Alimuuliza tena Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Wanafunzi walicheka. Osborne hakuwa na jibu. Alirudi akamwagiza fundi wa maabara ajaribu. Mwaka 1969 mhadhiri na mwanafunzi wakachapisha matokeo pamoja, na hadi leo wanasayansi wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli, na kwa masharti gani.

Kwa hiyo nalinunulia darasa daftari moja la kurasa 96, linakaa kwa kiongozi wa darasa. Swali lisilo na jibu linaandikwa humo na jina la aliyeuliza, nami nasema wazi, "Hili silijui." Ijumaa moja kwa mwezi tunachagua moja linalojaribika. La mwezi huu limetoka dawati la nyuma kabisa: nati ikibembea ndani ya ndoo ya maji badala ya hewani, itafika mibembeo mingapi kabla ya kusimama? Utabiri tayari umeandikwa ubaoni. Ndoo naazima jikoni.